Povu la Upande wa Kushoto

4 Februari

Kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, ambayo siku hizi ni watu wawili tu, mimi na Mama, pamoja na paka anayedhani nyumba ni yake. Tuko wazima. Vidole vya Mama vinakaza asubuhi za baridi, hasa vile viwili vya mkono wa kulia vilivyoungua zaidi, lakini akivichovya kwenye maji ya uvuguvugu vinalegea na anaweza kushika kikombe mwenyewe. Anakuulizia. Gari likisimama nje anainua kichwa. Msalimie wifi na wale mapacha, waambie shangazi yao bado ana meno yote.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Mwanzoni niliusingizia mtandao, sasa nimeacha.

Jambo lenyewe ni hili: nimeamua kuirudisha boti yetu majini. Ni miaka saba iko juu ya magogo nyuma ya karakana, imefunikwa turubai, tangu siku ile iliposhika moto Baba akiwa kwenye usukani na Mama amekaa nyuma karibu na injini. Kila apitaye ananishauri niikatekate. Lakini nimeigonga mwili mzima kwa nyundo ya mbao kama Baba alivyotufundisha, na faiba inalia kavu, haijaoza popote. Vilivyoungua ni viti vya nyuma, sanduku la injini na kipande cha sakafu. Tangu Baba afariki mwaka jana nimekuwa nikitengeneza boti za watu tu. Nataka moja iwe yetu.

Mkaguzi wa vyombo alikuja, akaizunguka mara mbili, akaniambia, "Dada, tangi litoke kwanza. Mimi siweki sahihi yangu juu ya tangi nisiloliona."

Na tangi, unajua, limezama kwenye povu. Lile la manjano, la kuchanganya makopo mawili na kumimina, likavimba na kuganda mpaka halisogei. Wewe ndiye uliyelimimina, na wewe ndiye unayeshinda nalo kila siku kwenye hicho kiwanda chenu cha majokofu. Nifundishe linavyotolewa bila kutoboa tangi wala kuvunja mbavu za boti.

Mdogo wako,
fundi wa familia kwa kukosekana mwingine


1 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika imekunjwa mara nane, nikadhani umenitumia hirizi. Huku tunasukuma siku. Mapacha wameanza shule: mmoja analia akipelekwa, mwingine analia akirudishwa. Wifi yako amebadilishiwa zamu na anakusalimu sana. Mimi niko palepale, namimina povu kwenye milango ya majokofu, milango mia mbili kwa siku, mpaka kope zangu zina rangi ya manjano. Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie namkumbuka.

Kuhusu simu, wewe ukipiga unapiga na kelele. Kwenye karatasi angalau unalazimika kupumua.

Kuhusu boti, ushauri wangu ni uiache. Chombo kilichokwisha kuunguza mtu hakina heri. Kama kichwa chako ni kilekile cha utotoni na huwezi kuiacha, basi kata sakafu yote, tia mnyororo chini ya tangi, linyanyue pamoja na povu lake kama lilivyo, ukalitupe jalalani. Usilichokonoe. Povu likishashika alumini halibanduki, utapoteza miezi.

Najua hutanisikia, kwa hiyo sikia hili. Nyonya petroli yote iliyobaki, kisha jaza tangi maji mpaka mdomoni. Usitumie grainda, wala patasi ya chuma, wala taa yenye waya uliochubuka. Turubai liwe wazi pande zote. Vaa barakoa. Tafuta waya wa breki wa baiskeli, ufunge vijiti ncha zote mbili, uupitishe kati ya tangi na povu, uvute huku na huku kama mtu anayekata mche wa sabuni. Anzia kulia. Ukimaliza nyuma, simama hapo. Kushoto hakuna hata nafasi ya mkono, usihangaike nako, kutakuja kwenyewe tangi likinyanyuliwa.

Kaka yako


16 Machi

Kaka,

Asante kwa somo. Mama amepokea shikamoo yako, akaniambia niisome tena, nikaisoma, ingawa ilikuwa mstari mmoja. Anasema mwandiko wako umekonda, je, unakula?

Umeuliza habari za kila mtu isipokuwa kaburi. Nakujibu hata hivyo: nimelijengea, na nimepanda maua pembeni. Mama hajafika huko hata mara moja. Unajua alivyo. Tangu siku ya moto hakumsemesha Baba mpaka anazikwa. Walikaa nyumba moja miaka sita mimi nikiwa posta yao: "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." Baba naye yuko hatua tatu tu, anasikia kila kitu, anangoja mimi nimwambie ndipo ainuke. Kosa lake lilikuwa sigara moja, aliyoiwasha ndani ya boti, na alikiri mwenyewe mbele ya watu wote. Mtaani wakampa jina la Kiberiti, na abiria wakawa wanamkwepa hata akiendesha boti ya mtu mwingine. Nilidhani mauti yangemlainisha Mama kidogo. Hayakumlainisha.

Sasa kazi. Waya wa breki ni dawa, sikudanganyi. Upande wa kulia nimeumaliza kwa siku tisa, povu linatoka vipande vizima, juu vikavu na chini vimelowa. Hilo limenishangaza. Wewe ulituambia povu halinywi maji, eti ndiyo maana wanalitia kwenye maboti. Hili limekunywa, kaka. Nimelikamua kwa mikono yangu, maji yamejaa nusu ndoo, yananuka petroli ya zamani. Mama alikuja na kiti chake akakaa mbali akinitazama, akasema, "Toa yote. Toa na pepo la baba yako."

Upande wa nyuma nao umekwisha. Nimepima kushoto. Mkono unaingia vizuri tu, hata wa kwako ungeingia. Kwa nini ulisema hakuna nafasi?

Dada yako


2 Aprili

Kaka,

Hujajibu, na sikungojea. Salamu tutapeana siku nyingine.

Jana nimefungua kushoto. Kipande kimoja kilibanduka kizima, kikubwa kama mto wa kulalia. Nilipokigeuza nikaona ndani yake herufi nyekundu zilizogeuka kinyume, kama unavyosoma gazeti kwenye kioo. Nikatazama tangi pale kilipotoka. Limeandikwa BADO.

Sina haja ya kukueleza wewe maana ya BADO, lakini nitakueleza hata hivyo, maana inaonekana umesahau. Kwenye karakana ya Baba kazi isiyokwisha iliandikwa BADO kwa chaki ya nta nyekundu, na aliyeandika ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kufuta. Mteja angelia, angetukana, angeleta askari, BADO ilikuwa BADO. Wewe mwenyewe ulichapwa mbele yangu kwa kufuta ya mtu mwingine. Na hii ni ya Baba. Ile B yake yenye tumbo kubwa chini siwezi kuikosea.

Chini ya neno, kwenye mshono wa kona, kuna kitambaa kimekandamizwa, na ndani ya kitambaa masalio ya sabuni ya mche. Tangi lilikuwa linavuja. Baba aliliziba kwa sabuni kama fundi yeyote anavyoziba, kwa siku mbili tatu, mpaka mchomeleaji apatikane. Petroli haiyeyushi sabuni. Maji ndiyo yanayoiyeyusha, na povu lako lilikuwa linalishikia tangi maji pale pale, mchana na usiku. Miezi mitatu, sabuni ikaisha. Mvuke wa petroli ukajaa chini ya sakafu, injini ikawashwa, basi.

Sigara haikuhusika, kaka. Hata kama aliivuta, haikuhusika.

Wiki ile povu linamiminwa mimi nilikuwa chuoni. Baba alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake. Nyumbani ulibaki wewe na Mama, na Mama hachanganyi makopo ya povu. Umelimiminaje juu ya neno lile? Hukuliona?

Nisome vizuri: sipigi kelele. Nauliza.

Dada yako


11 Mei

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Mapacha waliugua surua, wa kwanza kisha wa pili, kama kawaida yao ya kupokezana. Kiwandani tumeongezwa saa. Wifi yako naye mgongo unamsumbua. Huku mvua haikatiki, nguo hazikauki. Mama anaendeleaje na vidole? Kuna mafuta mazuri yanauzwa huku, nitamtafutia.

Naona nimezunguka mbuyu vya kutosha.

Nililiona. Haikuwezekana nisilione. Mchomeleaji alikuwa amesafiri mpaka Jumatatu, na Jumamosi wazazi wa wifi yako walikuwa wanakuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Nilishawaahidi kuwazungusha na boti. Ningewaambia nini, kwamba boti ya mkwe wao mtarajiwa imezibwa kwa sabuni? Nikaijaribu, haikutoa hata tone. Nikamimina povu ili tangi lisicheze, nikafunga sakafu, nikasema nitakuja kuifungua wiki ijayo. Sikuifuta BADO. Hilo nalo uliandike. Sikuifuta kwa sababu niliona si yangu kuifuta.

Baba aliporudi safari alikuta sakafu imefungwa. Akaniuliza neno moja: "Tayari?" Nami nikajibu: "Tayari." Yeye aliuliza juu ya kuchomelea, mimi nikajibu juu ya povu. Sikusema uongo. Angeuliza maneno mawili, ningejibu mawili.

Kisha wiki ikapita, na nyingine, boti inaenda vizuri, nikasahau. Watu wanasahau, dada. Siku ya moto ndipo nilipokumbuka, pale pale, naona moshi kutoka nchi kavu. Hospitalini Baba alinitazama usoni, akatazama bandeji za Mama, akasema mbele ya daktari na majirani, "Ni sigara yangu." Sikumtuma. Alisema mwenyewe. Baada ya hapo ningesema nini bila kumfanya mwongo?

Usimwambie Mama. Amebakiwa na nini? Mtoto wa kiume ana mmoja tu. Baba yuko alipo, hadhuriki tena. Tupa lile povu.

Kaka yako


19 Mei

Kaka,

Mapacha wapewe pole ya surua. Mafuta usitume, yapo hapa.

"Sikumtuma." Nimelisoma neno hilo mpaka nimelikinai. Hukumtuma, ni kweli. Ulimwacha tu aende. Wanasema njia ya mwongo ni fupi; yako imefika miaka saba na nauli umelipiwa na mzee wa watu, kwa hiyo hata methali siku hizi zinadanganya.

Ngoja nikueleze ulichokimbia, maana uliondoka miezi miwili tu baada ya moto, na mazishini ukasema umekosa ruhusa kazini. Baba kila asubuhi alisimama mlangoni kwa Mama akasema, "Umeamkaje?" Kila asubuhi, kaka. Na Mama akaniambia mimi, "Mwambie nimeamka." Basi anaenda karakanani. Alipozidiwa aliniomba jambo moja: nimwambie Mama aje asimame tu mlangoni, asiseme kitu. Nilimkuta Mama anakunja nguo kwa vile vidole vyake. Akasema, "Mwambie nina kazi." Nikarudi nikamwambia Baba kwamba Mama amelala. Aligundua, akatabasamu, akageukia ukutani. Alikufa kikondoo. Nilidhani ni aibu ya kosa lake, kumbe alikuwa anakulinda wewe.

Na mimi si msafi, usidhani nakuandikia nikiwa juu ya mimbari. Nilimfichia sigara zake. Siku moja, mwaka wa tatu wa ule ukimya, nilichoka kubeba salamu, nikamwambia, "Baba, si ungeivutia nchi kavu." Akajibu, "Kweli mwanangu." Hicho tu. Kweli mwanangu! Sasa neno hilo linanichoma kila nikishika waya wa breki, na sina wa kumrudia kumwomba radhi.

Unasema hadhuriki tena. Mama bado anamwita pepo. Kwako huko si kudhurika?

Sitamwambia mimi. Utamwambia wewe. Mwandikie Mama barua yake mwenyewe, useme kila kitu, sabuni, neno, wakwe zako, na lile "Tayari" lako la maneno pungufu. Vidole vyake havifungui bahasha, kwa hiyo nitamsomea mimi, na sitaruka hata nukta. Nakupa mpaka mwisho wa Juni. Usipoandika, nitaweka kile kipande cha povu mezani pake nimsomee hicho.

Dada yako


22 Juni

Dada,

Ndani kuna bahasha ya Mama. Nimeiandika mara sita. Wifi yako hajui, na nakuomba abaki hajui.

Umeshinda. Sijui utafaidi nini. Mama akinilaani, nitakuwa nimemzika mzazi wa pili kwa mkono wako. Nijulishe upesi tafadhali. Siwezi kula.

Kaka


8 Julai

Kaka,

Sote wazima. Tangi limetoka, mkaguzi amekuja tena na ameridhika. Unataka ya Mama, basi nakupa.

Nilimsomea Jumapili, jikoni, baada ya kutenga birika kwenye jiko. Nilikaa karibu naye ili nimshike akianguka. Barua yako ni nzuri, nakubali. Hukuficha kitu. Mama alisikiliza akiwa ameviegesha vidole mapajani. Ulipofika pale pa wakwe zako kuja kukutazama alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. Ulipofika pale pa hospitalini, Baba anasema ni sigara yake, nilisimama mwenyewe. Mama akasema, "Endelea, mbona unasimama?"

Nilipomaliza nilikunja barua. Nikangoja. Sikuwa nangoja makuu, kaka. Nilitaka amtaje tu. Miaka yote ile hakumtaja kwa jina wala kwa cheo, ni "baba yako, baba yako," kana kwamba nilimleta mimi. Nilitaka aseme maskini.

Akasema. Alisema, "Maskini mwanangu. Miaka saba na mzigo huo, peke yake, ugenini."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikaleta kile kipande cha povu, nikamwonyesha neno, nikamwambia, "Mama, huu ni mwandiko wa Baba. Alikataza. Aliandika BADO." Akakigusa kwa ncha ya kidole kimoja, akakisukuma. "Toa takataka hii mezani." Nikamuuliza: na Baba je? Akainua mabega. "Naye si angesema? Nani alimtuma kunyamaza? Amenifanya mimi niwe mtu mbaya bure." Kisha akakasirika kweli, akasema Baba alikuwa na kiburi cha kuonewa tangu ujana wake, na kwamba mimi nimefanana naye, nachimbua vitu. Nikamwambia, Mama, alikufa akikungoja. Akanijibu kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sijazaa.

Halafu akaniambia nichukue kalamu. Haya ni maneno yake, sijaongeza wala kupunguza: "Mwambie mwanangu nimemsamehe kabisa, kwa moyo mmoja. Mwambie ale. Mwambie aje na mke wake na watoto, asiogope mtu."

Hayo ndiyo uliyoyataka. Baba alilisimamia neno hilo kila asubuhi mlangoni, akafa hajalipata. Wewe umelipata kabla birika halijachemka.

Njoo upendapo. Chumba chako nimeshakifagia, kwa sababu Mama ameniambia nikifagie.

Dada yako